Mkulima Mdogo wa Kisiwani na Hesabu ya Meli

Makala nyingi kuhusu kilimo cha visiwa vya ukanda wa joto huanzia shambani, kwenye udongo, mvua, wadudu na mbegu. Mimi naona ni afadhali kuanzia gatini, mahali ambapo mazao ya kisiwa hutokea na mazao ya nchi nyingine huingilia, kwa kuwa mkulima mwenye eka moja au mbili kisiwani hashindani na jirani yake peke yake. Hushindana pia na kila kontena linaloshushwa. Meli inayoleta mchele, unga, vitunguu na kuku waliogandishwa hufika ikiwa imejaa, na ikiondoka mara nyingi ina nafasi tupu, lakini haimsubiri mtu ambaye bado anachuma. Mkulima huyo hulipa nauli ya mbolea na dawa bila kuonekana, kwa sababu imekwisha kuingizwa kwenye bei ya duka, na akitaka kusafirisha kilicho chake huitiwa nauli nyingine waziwazi.

Nikiifuata hesabu hiyo ya meli, mazao ya kisiwa hugawanyika kwa namna ambayo mabwana shamba hawaisemi sana. Kuna mazao ambayo meli haiwezi kuyaleta yakabaki na ubora wake: mboga za majani, mayai mabichi, papai lililoachwa liive mtini, samaki wa bwawani. Kuna mazao ambayo meli huyachukua bila kuyaharibu, kwa sababu ni makavu, hayachukui nafasi kubwa, na thamani yake kwa kilo ni kubwa: karafuu, kungumanga, vanila, pilipili manga, kakao. Halafu yapo ya katikati, kama mchele, mahindi, sukari na vitunguu, ambayo nchi zenye mabonde mapana na mashine kubwa huyazalisha kwa gharama ndogo kiasi kwamba hata yakishalipiwa safari ya bahari bado huuzwa kisiwani kwa bei ambayo mwenyeji haiwezi. Kulima mazao hayo ya katikati kwa ajili ya chungu cha nyumbani ni busara ya zamani, wala sina neno nayo. Kuyalima kwa matumaini ya kupata fedha ndiko ninakokuonea shaka.

Ndizi za visiwa vya Windward katika Karibi zinaonyesha jambo hili kuliko mfano wowote ninaoujua. Ndizi ni zao zito, lina maji mengi, na huharibika likichelewa. Kwa hesabu yangu halikupaswa kabisa kuvuka Atlantiki kutoka kwenye vishamba vya milimani vya Dominica, Saint Lucia na Saint Vincent. Lilivuka kwa sababu Uingereza, na baadaye Umoja wa Ulaya, ilizitengea soko lake nchi zilizokuwa makoloni. Meli ilipita kwa ratiba, mkulima alikata mikungu yake kwa kalenda ya meli, akapata fedha mwaka mzima, jambo ambalo zao la msimu haliwezi kulifanya. Watoto walisomeshwa kwa ndizi na nyumba zikaezekwa kwa ndizi. Kisha Marekani pamoja na nchi kadhaa za Amerika ya Kilatini zikashtaki katika Shirika la Biashara Duniani, hukumu ya mwaka 1997 ikawa upande wao, na mgogoro ukapatiwa suluhu kwa makubaliano ya Geneva ya mwaka 2009. Kabla hata ya kufikia hapo wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuacha. Waliobaki walijiunga kwa wingi na biashara ya haki, ambayo huongeza malipo kwa wakulima wadogo waliojipanga katika vyama. Sioni kwamba wakulima hao walikosea kulima ndizi. Ila zao lao lilisimama juu ya sheria iliyoandikwa mbali, na hawakuwa na njia ya kuishika sheria hiyo isiponyoke.

Viungo vina uimara wa aina nyingine. Tazama vanila. Ilitoka Mexico, ikapelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, ikatambaa vizuri, ikatoa maua, lakini haikuzaa, kwa sababu wachavushaji wake wa asili hawakuwepo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua namna ya kulichavusha ua kwa mkono, na namna yake ndiyo inayotumika hadi leo. Mtu hushika ua lililofunguka asubuhi, hulipasua kidogo kwa kijiti chembamba, huuinua utando mdogo unaotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, kisha huzibana sehemu hizo mbili kwa kidole gumba. Ua hilo hunyauka siku hiyo hiyo, kwa hiyo aliyelala amelikosa. Ganda hukaa kwenye mmea wake unaotambaa karibu miezi tisa, na likishachumwa hufuata miezi ya kulitia maji ya moto, kulitoa jasho ndani ya blanketi, kulianika na kulikunja kunja mpaka linukie. Hakuna trekta hapo. Kazi ya namna hii humfaa mwenye shamba dogo na jamaa wengi nyumbani, na ganda lililokauka vizuri linaweza kuingoja meli kwa miezi bila hasara. Ubaya wake ni bei, inayopanda na kushuka kwa vishindo, na wezi, ambao hufuata bei hiyo kwa uaminifu kuliko wafanyabiashara.

Tatizo kubwa zaidi la viungo vya miti ni upepo. Aprili 1872 kimbunga kilipita Zanzibar na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Septemba 2004 kimbunga Ivan kiliikumba Grenada ya Karibi, ambayo wakati huo ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga baada ya Indonesia, na mikungumanga mingi ililala chini kwa siku moja. Aliyepoteza shamba la mahindi hupanda tena mvua zinazofuata, lakini mkungumanga uliopandwa kwa mbegu huchukua miaka saba au zaidi kuanza kuzaa, na tena kuna miti dume na miti jike, isiyotofautika mpaka itoe maua. Mzee aliyepanda upya baada ya Ivan alikuwa akipanda kwa ajili ya mtu mwingine, na huenda nusu ya miche yake ilikuwa dume. Kuunganisha vikonyo kutoka mti jike hulitatua tatizo la pili na hupunguza la kwanza, ila miche ya namna hiyo huhitaji kitalu chenye fundi, na kitalu huhitaji serikali au ushirika wenye subira.

Kwa sababu hiyo sipendi ushauri wa kumwambia mkulima mdogo ajikite katika zao moja lenye thamani. Shamba la zamani la kisiwani, ambalo wataalamu wa kikoloni waliliita la ovyo, lilikuwa na mnazi juu, mshelisheli na mkarafuu kati, migomba chini yake, na mizizi ardhini. Upepo ukija hauvichukui vyote kwa pamoja. Mgomba huanguka mapema kuliko yote, lakini machipukizi yake huzaa tena ndani ya mwaka mmoja hivi. Mhogo na viazi vikuu hubaki ardhini, kwa sharti kwamba vimetayarishwa. Mkulima mwenye uzoefu akisikia onyo la kimbunga huingia shambani na panga, akaukata mhogo mashina na kuacha kisiki kifupi tu, kwa maana mti mrefu ukitikiswa usiku kucha huilegeza mizizi, maji huingia, na baada ya siku chache mhogo wote huoza. Mashina aliyoyakata huyaweka kivulini yakawa mbegu. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na matokeo yake ni chakula cha wiki zile ambazo bandari imefungwa na meli haiji. Hapo ndipo zao la chungu cha nyumbani, nililolisema hapo awali, linapopata thamani ambayo soko la siku za kawaida haliioni.

Zao moja likitawala, adui mwingine ni ugonjwa. Samoa ilikuwa ikiuza majimbi kwa wingi New Zealand, karibu yote ya aina moja iliyopendwa na wanunuzi, hadi mwaka 1993 ugonjwa wa baka jani ulipoingia na kuyafuta mashamba kwa muda mfupi sana. Fiji ikalichukua soko hilo. Samoa ilirudi polepole kwa kuzalisha aina mpya zilizochanganywa na mbegu kutoka Asia na visiwa vya Mikronesia, na wakulima wenyewe walishiriki kuzijaribu na kuzichagua, jambo ambalo naliona ndilo lililoifanya kazi hiyo ifaulu. Hata hivyo, bahari ile ile inayokifanya kisiwa kiwe dhaifu, kwa kuwa hakina aina nyingi za mbegu, inaweza pia kukilinda. Niue, kisiwa kidogo cha Pasifiki, kina nyuki wasio na utitiri wa varoa ambao umewasumbua wafugaji karibu dunia nzima, na asali yake huuzwa kwa sifa hiyo. Kinga hiyo hudumu kadiri mkaguzi wa bandarini anavyokuwa macho. Malkia mmoja wa nyuki aliyefichwa ndani ya begi anatosha kuimaliza.

Sasa maji. Watu hudhani kisiwa cha joto chenye mvua nyingi hakina shida ya maji, lakini inategemea kisiwa kimeumbwaje. Kisiwa cha volkano kina milima inayozuia mawingu, mito, na udongo mzito unaoshika unyevu. Kisiwa cha matumbawe kwa kawaida hakina mto. Mvua huzama mara moja kupitia mawe yenye matundu, kisha maji matamu huelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi zaidi. Wanajiolojia wana kanuni rahisi kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa kuna takriban mita 40 chini yake. Kanuni hiyo humtisha mwenye pampu akiigeuza: uso wa maji ukishushwa kwa nusu mita tu, chumvi iliyo chini inaweza, baada ya muda, kupanda karibu mita 20. Kwa hiyo visima vingi vifupi vinavyovutwa kidogo kidogo ni salama kuliko kisima kimoja kirefu chenye injini kubwa, na mkulima anayeona ncha za majani ya mboga zake zikiungua kana kwamba zimepitiwa na moto hapaswi kukimbilia kuongeza maji ya kisima hicho hicho. Matangi ya mvua, matandazo mazito na umwagiliaji wa matone humfaa zaidi. Huko Kiribati, visiwa vya Pasifiki, watu walichimba mashimo mapana mpaka wakayafikia maji hayo matamu, wakayajaza majani yaliyooza, na kupanda humo jimbi kubwa la majimaji liitwalo babai. Shimo hilo hurithiwa kama mali, na si ajabu, kwa kuwa udongo uliomo ndani yake ulitengenezwa kwa mikono ya vizazi. Bahari ikilifurika mara moja, chumvi hukaa humo kwa muda mrefu.

Kutengeneza udongo ndiko kunakotuingiza kwenye mbolea, na hapo meli inarudi tena. Kuba ilipopoteza msaada wa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991, mafuta na mbolea vilikauka bandarini, na wakazi wa Havana wakaanza kulima mboga kwenye matuta yaliyoinuliwa na kujazwa mboji, katikati ya majengo. Bustani hizo zililisha watu mboga, ingawa Kuba imeendelea kuagiza sehemu kubwa ya chakula chake. Sri Lanka ilipita njia nyingine: mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku kwa ghafla uingizaji wa mbolea za viwandani, mavuno ya mpunga na chai yakashuka, na kabla mwaka haujaisha amri ikalegezwa. Mimi ni mtu wa mboji na samadi, lakini nikiulizwa nitasema kwamba mboji haitangazwi kwa amri. Eka moja ya mboga huhitaji marundo ya majani, kinyesi cha mbuzi na kuku, maganda ya nazi na mwani uliooshwa chumvi, na vyote hivyo lazima vikusanywe, vigeuzwe na visubiriwe. Mwenye mifugo michache aliyoifunga karibu na shamba tayari ana kiwanda. Asiye nayo atabaki kuwa mteja wa meli kwa misimu kadhaa, na ni heri ajue hivyo mapema apange fedha yake.

Kuhusu hoteli, ambazo hutajwa kila mara kama soko lililo mlangoni, nitasema kwa kirefu kidogo. Nimewahi kusimama kwenye mlango wa mizigo wa hoteli moja ya ufukweni, nikamtazama mkulima akipokelewa kreti moja ya saladi kati ya tatu alizoleta. Saladi yake ilikatwa kabla ya jua kuchomoza, ikaoshwa, ikafunikwa gunia lililoloweshwa, na mtu yeyote angeiona kuwa bora kuliko ile iliyolala ndani ya plastiki kwenye jokofu la jikoni, ambayo ilikuwa imesafiri siku kadhaa. Mpishi hakubisha juu ya ubora. Alichosema ni kwamba wiki iliyopita mkulima hakuleta chochote, wiki hii ameleta tatu, na vichwa vyake havilingani, kimoja kama ngumi na kingine kama kofia. Menyu ya chakula cha watu 200 haipangwi hivyo. Akaongeza kwamba malipo hufanywa mwisho wa mwezi. Mkulima alikuwa amekodi pikipiki ya mizigo kwa fedha taslimu ya asubuhi ile.

Wengi wakisikia kisa kama hicho huilaumu hoteli, na wengine humlaumu mkulima kuwa hajui biashara. Mimi naona kwamba hoteli hununua ratiba kabla ya kununua mboga, na mtu mmoja mwenye eka moja hawezi kutengeneza ratiba. Wakulima sita wanaopanda kwa kupishana, kila mmoja akisia mbegu siku kumi baada ya mwenzake, wanaweza. Kinachohitajika hapo ni mtu wa saba asiyelima, anayeshika daftari, anayejua nani anavuna lini, anayepanga saladi kwa ukubwa, na anayewalipa wakulima siku ile ile kutoka kwenye mfuko wa kikundi huku akisubiri hundi ya mwisho wa mwezi. Vikundi vingi nilivyoviona vikivunjika havikukosa mboga hata kidogo. Vilimkosa mtu huyo, au vilimpata bila kumlipa, akachoka au akajilipa mwenyewe. Jambo jingine ambalo halisemwi ni kwamba msimu wa wageni na msimu wa mboga havipatani daima. Wageni hupenda miezi mikavu, na mboga hupenda maji. Anayeweza kuvuna saladi wakati wa kiangazi, chini ya wavu wa kivuli na matone ya tangi, ndiye mwenye nguvu ya kujadiliana kuhusu siku ya malipo.

Njia nyingine ya kuishinda meli ni kupunguza uzito kabla ya kupakia. Mwaka 1999 huko Grenada ilianzishwa kampuni ndogo ya chokoleti iliyonunua kakao ya wakulima wa pale pale na kuitengeneza hadi kipande cha mwisho ndani ya kisiwa, tofauti na desturi ya kuuza mbegu kavu na kuziacha faida za kiwandani ziende ng'ambo. Baadhi ya chokoleti hiyo ilisafirishwa kwa merikebu ya matanga. Sidai kila kisiwa kiige chokoleti, kwa sababu joto na unyevu wa tropiki huifanya kazi hiyo iwe ngumu na umeme wa visiwani ni ghali. Lakini kukamua mafuta ya nazi, kukausha matunda, kusaga tangawizi na kuchemsha pilipili ya chupa ni kazi zinazowezekana kwa vifaa vya kawaida, mradi kuwe na maji safi, chupa na vibandiko. Chupa nazo huja kwa meli, na nimeona mafuta mazuri ya nazi yakikaa kwenye madumu kwa kukosa chupa.

Ardhi nitaigusa kwa ufupi, ingawa pengine ndiyo itakayoamua yote. Kisiwani ardhi haiongezeki, na pwani ina mteja tajiri kuliko mkulima. Katiba ya Vanuatu, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ya mwaka 1980 inasema ardhi yote ni ya wenyeji wenye haki ya kimila, na bado sehemu kubwa ya pwani ya kisiwa cha Efate ilikodishwa kwa mikataba inayoweza kufika miaka 75, ambayo kwa mtu aliyetia saini ni maisha yake yote yaliyobaki. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, familia ziligawiwa eka tatu tatu. Eka tatu zikirithiwa na watoto sita, na watoto hao wakapata wa kwao, hesabu iko wazi. Katika Karibi kuna mashamba ya ukoo yenye warithi walio London na Toronto, ambapo aliyebaki analima lakini haruhusiwi kupanda mti wa kudumu bila ugomvi. Mkulima asiye na hakika ya miaka kumi ijayo atapanda mchicha na hatapanda mkungumanga, na hapo huwezi kumlaumu.

Mambo mengi niliyoyataja yanaweza kuanza bila mradi mkubwa wa wafadhili. Ningekuwa na nafasi ya kuziomba mamlaka za kisiwa chochote jambo moja, ningeomba ghala kavu lenye mizani iliyokaguliwa karibu na gati, chumba kidogo cha baridi pembeni yake, na ratiba ya meli itangazwe redioni wiki moja kabla, pamoja na idadi ya makontena yatakayorudi matupu. Hakuna mwenye eka mbili anayeweza kulijaza kontena peke yake. Wakulima 60 wenye magunia mawili mawili ya viungo vikavu wanaweza kulikodi pamoja, wakilipia nafasi ambayo vinginevyo ingebeba hewa, na karani wa ghala akimpa kila mmoja stakabadhi ya uzito siku aliyoleta, mwenye shida ya fedha anaweza kuipeleka stakabadhi hiyo kwenye chama cha kuweka na kukopa na asimuuzie dalali karafuu ambazo bado ziko juu ya mti.